Restora ya Kijapani nyuma ya geti la kijani, hapa Nguba

Miezi minne nimepita mbele ya lile geti kila asubuhi nikienda kazi na sikujua kama ndani kuna watu wanapika. Ni parsele kama zingine za Nguba, mtaa wetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kando ya ziwa Kivu, geti la bati limepakwa rangi ya kijani, kibao hakiko, na siku yenyewe niliingia juu ya mvua tu, ile mvua ya Bukavu ya mwezi wa 11 inayoshuka na udongo wote wa mlimani mpaka barabarani. Nilikuwa nimejibanza pale getini, mfuko kichwani, zamu, mlinzi wa geti, akafungua kidogo akaniambia "Papa ingia, banakulaka humu."

Meza nne chini ya baraza, mbili zinaangalia ziwa. Ukutani kuna karto imeandikwa kwa mkono, vitu saba tu, na cha tatu kilikuwa "tilapia shioyaki". Nikasoma mara mbili. Shioyaki ni samaki aliyepakwa chumvi akachomwa, basi, ila si neno unalokutana nalo Bukavu, na mtu anayetaka tu kuvuta wateja angeandika sushi kwa herufi kubwa maana hilo ndilo kila mtu amesikia. Nikavuta kiti nikakaa.

Tangu siku ile kila rafiki ninayemwambia kwamba chakula bora cha Kijapani nilichokula nje ya Japani kiko hatua 200 toka nyumbani kwangu ananiuliza kitu kimoja: samaki wa bahari anamtoa wapi? Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 toka hapa. Swali ni zuri kabisa na ndilo limenifanya nikichambue hiki kisa kizima, juu jibu nililolikuta jikoni si lile nililolitegemea.

Nieleze kwanza kwa nini nathubutu kuhukumu. Mimi kazi yangu ni mambo ya maji, kupima, kufuatilia vyanzo, vitu kama hivyo, na mwaka 2018 nilipelekwa mafunzo wiki saba huko Japani, mkoa wa Shiga, pembeni ya ziwa Biwa. Biwa ndilo ziwa kubwa kuliko yote Japani lakini ukilinganisha na letu ni dogo, kilomita za mraba 670 hivi na kina cha mita 104, wakati Kivu inapita kilomita za mraba 2,300 na kina kinafika karibu mita 480. Na Shiga haigusi bahari hata kidogo. Ndiyo maana nilipofika kule nikiwa na mawazo yangu ya samaki wabichi wekundu juu ya wali, wenyeji walinilisha vitu vingine kabisa: samaki wadogo wa ziwa waliochemshwa na sukari na soya mpaka wanang'aa, ayu, samaki mwingine wa kule, wa kuchoma na chumvi, na siku moja funazushi, samaki wa ziwa anayelazwa kwenye chumvi kisha kwenye wali miezi na miezi mpaka anachacha, harufu yake inakupiga kabla sahani haijafika mezani. Wenyewe wanakwambia hiyo ndiyo sushi ya zamani, kabla ya ile ya vidole iliyoanza Edo, yaani Tokyo ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19. Kyoto nayo iko mbali na pwani, na kwa miaka mingi samaki wake wa bahari alikuwa anabebwa toka pwani ya Wakasa akiwa amepakwa chumvi ili asioze njiani.

Kwa hiyo mimi nilirudi nyumbani nikijua kuwa Wajapani wenyewe umbali na bahari wameushughulikia zamani, kwa chumvi, kwa kukausha, kwa kuchachusha. Halafu huku kwetu nikajaribu mara mbili hoteli za miji ya jirani zinazotangaza chakula cha Kijapani, sitazitaja, ya kwanza wali ulikuwa umekazana kama bugali ya jana, ya pili nililala siku tatu na tumbo. Nikaacha kabisa.

Sasa tuje kwenye ile meza.

Kilichofika kwanza ni bakuli la wali na bakuli la supu, sahani ya samaki ilikuja nyuma. Wali ndiyo kitu cha kwanza kuangalia, mimi sioni njia nyingine, mtu akishindwa wali hakuna sababu ya kuendelea kumwangalia. Punje zilikuwa zimeshikana lakini kila moja unaiona, ukiinua kwa vijiti inakuja fungu, ukiitia mdomoni inaachana yenyewe. Ilikuwa inang'aa kidogo. Hakuna mafuta, hakuna chumvi, na sisi tumezoea wali wenye mafuta na kitunguu kwa hiyo mtu wa Bukavu anaweza kufikiri wamesahau kitu, lakini ukiutafuna polepole unasikia utamu wa mchele wenyewe, sijui niseme vipi, utamu mdogo ule wa mwishoni. Nilimaliza bakuli kabla ya samaki. Nikaomba la pili.

Supu ilikuwa ya miso, ile soya iliyochachushwa, na vipande vidogo vya tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na majani ya kitunguu. Hapo nikakwama. Miso nilijua, lakini chini ya miso kulikuwa na ladha nyingine, nzito, ya samaki bila kunuka samaki, na nilikuwa naijua vizuri sana na jina lake halinijii. Nikarudi kesho yake, nikarudi tena jumamosi. Sikupata.

Jumapili nikampeleka koko, mama mzazi wa mama yangu, ana miaka 81, amekausha na kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, karibu maisha yake yote. Nilimpeleka juu anapenda kutoka, sikuwa na mpango mwingine. Akashika bakuli kwa mikono miwili, akanywa, akanyamaza, akanywa tena, akaniambia, "Hii ni sambaza ya kukauka. Bametosha kichwa na tumbo, njo maana haina uchungu." Akaendelea kunywa.

Mpishi alimsikia toka jikoni. Akatoka anapangusa mikono, mama wa miaka arobaini na kitu, akapiga magoti kidogo kumsalimia koko kama inavyofaa, akasema "Aksanti mama, weye wa kwanza kujua." Na toka hapo mlango wa jikoni ulifunguka kwangu, juu ya koko, si juu yangu.

Hii sambaza ndiyo kiini cha kisa kizima. Kule Japani supu karibu zote zinasimama juu ya maji yanayoitwa dashi. Watu wa hoteli kubwa wanaitengeneza kwa kombu, yaani jani la baharini ambalo kwa sehemu kubwa linatoka Hokkaido, pamoja na samaki jodari mdogo aliyekaushwa mpaka akawa kama ubao. Lakini nyumbani, kwa mama wa kawaida, mara nyingi ni niboshi: samaki wadogo wadogo waliochemshwa wakakaushwa, unawakata kichwa na tumbo kwa vidole, unawalaza kwenye maji baridi usiku kucha, asubuhi unapasha moto taratibu na kuwatoa. Sasa niambie tofauti ya hicho na sambaza ni nini. Samaki wa kidole kimoja, wa kukauka, wanaouzwa kwa kikombe kwenye masoko ya Nyawera na Kadutu. Mpishi alinionyesha: anawatandika kwenye sufuria tupu juu ya mbabula, jiko la makaa, dakika chache mpaka harufu inabadilika, inakuwa kama ya karanga, ndipo anatia maji. Kombu anatia kipande kidogo tu, ukubwa wa vidole viwili, maana ni cha kuagiza na ni ghali, lakini hicho kipande hakiachi. Nilimuuliza kwa nini asiache tu. Akasema bila hicho supu "inasimamia mguu moja". Na sayansi inamuunga mkono kabisa: mwaka 1908 profesa Ikeda Kikunae alitoa glutamati kwenye kombu na kuita ladha yake umami, baadaye ikajulikana kuwa samaki mkavu ana kitu kingine, inosinati, na hivi viwili vikikutana mdomoni ladha inapanda mara nyingi kuliko ukijumlisha kimoja na kimoja. Glutamati hiyohiyo ndiyo iko kwenye kube tunazotia kwenye sombe na maharagi kila siku, ndiyo maana mtu wa hapa akinywa ile supu haoni ugeni wowote, anaona kitu cha nyumbani ambacho kimesafishwa.

Na hawa sambaza wenyewe ni wageni pia, wengi hawajui. Hawakuwa Kivu. Waliletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, leo ndio uvuvi mkubwa wa ziwa letu na ukikaa Nguba usiku unaona taa za wavuvi zimejipanga kule majini na ukitulia unasikia wakiimba.

Mpishi alijifunzia wapi? Kampala, miaka sita, alikuwa anafanya kazi nyumbani kwa familia moja ya Kijapani, na mama wa ile nyumba ndiye alimfundisha, hakuwa mpishi wa hoteli, alikuwa mama anayepikia watoto wake. Naona hilo limesaidia kuliko shule yoyote. Mtu aliyefunzwa na hoteli angerudi Bukavu akatafuta samoni. Huyu alirudi akatafuta samaki mdogo wa kukauka na mchele wa kushikana, maana ndivyo vitu alivyoviona kila asubuhi.

Mchele alijaribu wa aina tatu, ule mrefu wa kuagiza toka Asia, ule wa Tanzania wenye harufu nzuri, na wa bonde la Ruzizi, huu unaopanda huku na magari ya Kamanyola na Uvira. Ule mrefu aliuacha haraka, wanga wake ni wa aina isiyoshikana, utauchemsha mpaka jioni na punje zitabaki kila moja na njia yake. Wa Tanzania ulishikana kidogo lakini harufu yake inafunika supu. Akabaki na wa Ruzizi, kwa muuzaji mmoja tu, juu kwa huyo anapata gunia lenye punje fupi nene, na kabla ya kupika wasichana wawili wanakaa kwenye vigoda wanachagua mawe na punje zilizovunjika. Nilikaa nao nusu saa. Punje iliyovunjika inaachia wanga ndani ya maji na kuufanya wali wote uji, kwa hiyo zilizovunjika zinaenda pembeni zinapikwa uji wa asubuhi wa wafanyakazi.

Halafu maji. Hapa ndipo kazi yangu ilinihusu. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500 toka usawa wa bahari, na huko juu maji hayafiki digri 100, yanachemka mapema. Nina termometa ya kazi ndani ya mfuko siku zote, nikamuomba ruhusa nikaitumbukiza kwenye sufuria inayotokota kwa nguvu zote: 95. Nikamuonyesha. Akaangalia kile kijinamba muda mrefu, akasema basi ndiyo maana. Kampala iko chini yetu kwa mita 300 hivi, na alipohamia hapa kipimo alichofunzwa hakikukubali tena, wali ulikuwa unabaki na moyo mgumu katikati, akalia siku nyingi akifikiri mchele ndio mbaya. Kwa kujaribu tu akafika mahali pake: badala ya kuulaza mchele kwenye maji nusu saa anaulaza saa nzima, juu ya mfuniko anaweka jiwe la mto lililooshwa ili mvuke usitoke, na baada ya kuzima anauacha dakika 20 bila kugusa. Akanifundisha na msemo wa yule mama wa Kampala, nao ni msemo wa Wajapani tangu zamani, kwamba hata mtoto akilia usifunue mfuniko. Nimeujaribu kwangu, na jiwe na yote, mara ya kwanza nikafunua. Mara ya pili sikufunua na watoto wakaniuliza mchele huu nimenunua wapi.

Turudi kwenye swali la samaki mbichi. Siku ya pili nilimuuliza wazi kama anaweza kunitengenezea sashimi ya tilapia, yaani vipande vya samaki mbichi, nililipa hata pesa mbele. Akanirudishia pesa mkononi. "Papa, samaki mubichi mi siwezi kukupa. Nikuue?" Na alikuwa hacheki. Samaki wa ziwa anaweza kubeba minyoo, na njia inayokubalika ya kuiua bila moto ni kumgandisha samaki kwenye digri 20 chini ya sifuri siku saba mfululizo. Mfululizo! Mtu anayeishi Bukavu anajua hilo neno linamaanisha nini, umeme unaenda unarudi, konjelateri inayeyuka usiku asubuhi imeganda tena na kwa macho samaki anaonekana yuleyule. Basi yeye ameamua kitu kibichi toka majini hakitoki jikoni mwake, si kwa tajiri, si kwa mzungu anayesisitiza. Mimi naona huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba ni mpishi kweli. Kwa kukataa hivyo amejinyima wateja wengi, maana kuna watu wanafika, wanauliza sushi ya samaki, wanaambiwa jumamosi iko ya mayai na tango tu, wanaondoka.

Badala yake tilapia anampaka chumvi dakika 20 kabla, anampangusa yale maji yanayotoka, anamchoma juu ya makala, ngozi inakuwa kama karatasi na nyama inabaki na maji yake. Sisi tunachoma samaki vizuri sana hapa, sitasema uongo, lakini sisi tunamfunika na pilipili na ndimu na nyanya mpaka mwenyewe humsikii. Huyu alikuwa na chumvi peke yake na figili nyeupe ya kukwaruza pembeni, na ni mara ya kwanza nimesikia tilapia wa Kivu anaonja namna gani.

Na sambaza wabichi, tempura. Tempura ilifika Japani na Wareno karne ya 16, kwa hiyo nayo ilianza kama kitu cha mgeni. Unga na maji baridi sana, unakoroga mara chache, uvimbe ubaki. Anapima mafuta kwa tone la unga: likizama nusu ya njia na kupanda, tayari, likifika chini mafuta bado, likicheza juu juu yamepita. Sambaza wanaingia kumi kumi, wanakaa labda dakika moja. Ukiuma unasikia kwanza ile ganda nyepesi, halafu samaki laini, halafu uchungu mdogo wa tumbo la samaki ambao hapa hautoi, anauacha makusudi. Koko alikula sahani mbili akauliza kama iko bugali. Iko. Wanampikia kila akienda sasa.

Si kila kitu kiko sawa, niseme na hilo. Udon yake, zile tambi nene za ngano, siipendi, unga wa ngano anaoupata ni wa mandazi na nyuzi zinakuwa laini mno, zinakatika kwenye vijiti. Na bei inaniumiza kidogo: bakuli la wali na supu na samaki ni dola 8, kwa mtu wa hapa hiyo ni pesa. Nilimuuliza. Tofu wanaitengeneza palepale, soya ya Kivu Kusini haina shida, mchele na samaki ni vya hapa, makala ni ya hapa. Kinachopandisha bei ni miso, soya ya chupa, siki ya mchele na kombu, vyote vinapita Kampala na Kigali mpaka Kamembe, upande wa Rwanda, kisha daraja la Ruzizi, na mpaka ukifungwa au ukilegea bei inabadilika ndani ya siku moja. Ndiyo maana supu ya miso inatoka kwa kijiko kilichopimwa na wali unaongezewa bure. Ameanza kujaribu kuchachusha miso yake mwenyewe kwa soya ya hapa, kuna ndoo mbili nyuma ya mlango zimefunikwa na kitambaa na kuwekewa mawe, moja ilioza akaimwaga, nyingine ina miezi mitano na ananikataza kuifunua.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwingine. Jiko zima liko kichwani mwake. Wasichana wanachagua mchele vizuri lakini wiki aliyougua malaria walipika wao, wali ukatoka na moyo mgumu, mimi nilikula nikanyamaza, wateja wawili walirudisha. Nikampelekea termometa yangu ya zamani na daftari, tukaandika pamoja jioni moja, kiasi cha maji, saa ya kulaza, dakika za moto mkali na za moto mdogo, mara ya kwanza vipimo vyake vinakaa kwenye karatasi. Alikuwa anapinga kila namba, "hapana, inategemea mchele", na tulibishana mpaka zamu akaja kufunga geti. Termometa inaning'inia kwenye msumari juu ya mbabula.

Wiki hii yote tempura haikuwepo. Mwezi ulikuwa mpevu, na usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti sambaza kama kawaida, wanaopatikana ni wachache na bei yao imepanda, na yeye wa jana hapokei. Kwenye karto amepiga mstari juu ya hiyo sahani. Jana usiku nilitoka kuangalia, mwezi ulichelewa kutoka nyuma ya milima na taa kule ziwani nilihesabu 14. Nimemtumia ujumbe atuwekee viti viwili vya upande wa ziwa kesho kutwa, mimi na koko, na bugali.